Simu Iliyouliza Idadi ya Ng'ombe

Sikusoma, wala sitaki nihurumiwe kwa hilo. Mimi nasema, mjukuu wangu anaandika. Nimemwonya asipambe chochote, maana habari zenyewe zinamhusu yeye.

Nilimlea binti huyu hapa Didia, kijijini Shinyanga. Kila kiangazi, pamba ikishauzwa, nilipaka kuta za nyumba udongo mweupe, na kabla haujakauka yeye alikuwa ameshachora ng'ombe kwa mkaa. Nilimchapa, naye akahamia ukuta wa nyuma, akachora vizuri zaidi. Siku hizi kuta zangu ni za saruji na hakuna anayezichafua. Nikizitazama naona zimenyamaza.

Alipomaliza kidato cha nne, akakosa nafasi ya kuendelea, akaenda Maganzo, mji wa wachimbaji wa almasi, kuchora mabango: kichwa cha mtu kwa kinyozi, sahani ya wali kwa mama ntilie. Huko alijifunza kwamba mchimbaji mwenye haraka hasomi. Hutazama picha, akaingia. Kisha akanunua simu kubwa, akarudi nyumbani, akawa anajifunza kwa video namna ya kupanga kurasa za simu ili mtu apate anachotafuta bila kuuliza.

"Bibi, hii ni kazi kama nyingine."

"Kazi isiyochafua mikono?"

"Hata padri hachafui mikono."

"Padri anakula sadaka. Wewe utakula nini?"

Mwanangu, yaani mjomba wake, ana karasha la kusaga mawe ya dhahabu kule Geita, na alitaka mtu wa kuwapikia vibarua. Nikamwambia binti: mvua zikianza hujapata ajira, utakwenda kupika. Bahati yake, vijana fulani wa Shinyanga mjini walikuwa wakitengeneza programu ya simu ya kuwakumbusha wafugaji chanjo. Wakampa azipange kurasa. Wafugaji wakiikubali, wangemwajiri.

Akaipeleka kwa mzee jirani yetu, mwenye zizi kubwa kuliko yote kijijini. Nilikuwapo, nikichambua choroko na mkewe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu. Leo umeniletea uji?"

Akampa simu, akamsomea ukurasa wa kwanza: "Una ng'ombe wangapi?"

Mzee akaiweka simu chini, akajifuta vidole kwenye shuka.

"Umetumwa na wezi?"

"Hapana, babu. Ni hesabu tu."

"Hesabu tu! Huyu niliyezaa naye sijapata kumtajia. Kahesabu kuku wa bibi yako!"

Kwetu mwenye ng'ombe hatamki idadi yao. Kuwahesabu kwa sauti ni kuita kifo zizini. Binti alilijua hilo tangu utotoni, lakini video za ugenini zilikuwa zimemzoesha kuanza na idadi. Jioni hakula. Mimi nikaanza kumfungia nguo za Geita.

Kulipokucha sikumwona. Alikuwa amelifuata kundi la mzee hadi lamboni, akisikiliza mzee anavyowaita ng'ombe wake: kwa rangi ya ngozi, kwa pembe, kwa doa la usoni. Aliendelea kwenda huko, akirudi anachora upya, huku mawingu yakijikusanya.

Siku aliyorudi kwa mzee, simu haikuuliza neno. Ilikuwa na picha za ngozi za ng'ombe tu, za kila namna. Mzee akapitisha kidole taratibu, akakisimamisha kwenye ngozi nyeusi yenye tumbo jeupe.

"Huyu namjua. Amezaa majike matupu." Akambonyeza, ikatokea picha ya sindano. "Ndiyo, alichomwa. Na hakuna mahali nitakapoulizwa wangapi?"

"Hakuna, babu."

"Basi niachie simu."

"Babu, simu ni yangu!"

"Na wewe si mke wangu?"

Mkewe akacheka hadi ungo ukamponyoka.

Vijana wa mjini walipomwajiri, nikampigia mwanangu, nikamwambia atafute mpishi mwingine. Akauliza binti amepata kazi gani. Sikuwa na jina la kazi hiyo. Nikamjibu kwamba anawatengenezea watu njia ndani ya simu, na kwamba mwenye swali zaidi aje Didia aulize mwenyewe.