Baba, Bodi ya Nyeri na Ng'ombe wa Naro Moru

Siku yake ya kwanza katika polisi, kituo cha Timau, Baba alimpigia karani saluti kwa sababu karani alivaa tai. OCS, yaani mkuu wa kituo, alikuwa nyuma yake amevaa sweta tu, akitafuna mahindi ya kuchoma. "Konstebo," akasema, "ukimaliza na huyo, hata mimi niko." Baba husimulia hayo mwenyewe na hucheka kabla hajafika mwisho. Alistaafu Ijumaa iliyopita, na kwa vile mimi, Nekesa, siwezi kusema mbele ya watu, ninaandika.

Kutoka Timau alihamishiwa Murang'a, akapata tepe mbili za mkononi, akawa koplo. Halafu Naro Moru, na hapo cheo kikakwama miaka mingi. Naro Moru wazungu huja kupanda mlima na hupoteza vitu. Kila aliyekuja kuandikisha pasipoti iliyopotea katika OB, kitabu cha matukio, Baba alimuuliza, "Kwenu polisi wamepangwaje?" Majibu aliyaandika katika daftari langu la jiografia, fimbo za mwalimu nilizipata mimi. Uingereza kila eneo lina kikosi chake, na wengi hawabebi bunduki. Ufaransa, mijini kuna polisi, mashambani kuna askari wengine wa kijeshi. Marekani hata mji mdogo una polisi wake, na sherifu, ati, hupigiwa kura! Tanzania ni kikosi kimoja nchi nzima.

Alikuwa akijitayarisha kwa bodi ya vyeo, Nyeri, nafasi yake ya mwisho ya kuwa sajini. Alienda akiomba aulizwe Ufaransa. Mkuu wa bodi akamwangalia. "Koplo, na hapa Kenya? Sisi na AP tunafanyaje kazi?"

Baba anasema jasho lilifika kwenye soksi. Kenya hakuwa ameiandika! AP, askari wa utawala, walikuwa chini ya DC, mkuu wa wilaya, na walikaa kambi ya chifu. Polisi walikuwa na wakubwa wao, na seli. Akaona afadhali aseme lililotokea Naro Moru. AP walikamata mwizi na ng'ombe wa mama mmoja. Mwizi akaletwa seli ya polisi, ng'ombe akabaki kambini. Kila upande ukadai ng'ombe ni kizibiti chake, ushahidi wa kesi. Kwa utaratibu, barua ingepanda mpaka kwa DC, ishuke kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Baba na koplo wa AP wakamrudishia mama ng'ombe wake, wakaandika katika vitabu vya pande zote mbili.

"Nani alikupa ruhusa?"

"Hakuna, afande. Lakini ng'ombe alikuwa amejaa maziwa, na barua haijui kukamua."

"Toka nje," mkuu akasema, "kabla sijakufungulia mashtaka."

Baba alirudi akamwambia Mama utepe wa sajini umeenda. Wiki mbili baadaye habari ikaja kwa redio ya kituo: Sajini! Mama alipiga vigelegele mpaka laini yote, nyumba zote za polisi, ikatoka nje.

Jana nilijikaza nikamuuliza Baba ni nchi gani imepanga polisi wake vizuri kuliko zote.

"Ile ambayo mwenye ng'ombe hana haja ya kujua tumepangwaje."

Mama akaita kutoka jikoni, "Baba Nekesa! Hilo jibu ungewapa siku ile, leo ningekuwa bibi ya inspekta."