Mto wa Mchanga

Nanyama alikuwa na kibanda cha mabegi ya mtumba sokoni Kitale, na mdomo usioishiwa maneno. Mteja akishika begi la mgongoni, alimuuliza anaenda nalo wapi. Akisema haendi popote, aliambiwa kwamba begi zuri namna hiyo si la kubebea sukuma wiki. Ndivyo alivyojikuta akiwapangia watu safari fupi za miguu huko Turkana: kutembea, kulala nje siku mbili tatu, kisha kurudi nyumbani na malengelenge na mengi ya kusimulia.

Safari ya kwanza aliipanga kama mtu anayemwoza binti. Alitafuta ramani, akapima unga, akaondoa mabegini kila kisicho na kazi. Wateja walikuwa wawili: Levi, mwalimu wa Kachibora, na Preeti, binti wa Avtar mwenye duka la vipuri mjini. Mzee Avtar hakuwa na maneno mengi. Alimwambia Nanyama amrudishie mtoto wake jinsi alivyomchukua.

Ila kuna jambo moja Nanyama hakuliwaza. Yeye ni mzaliwa wa Bungoma, amekulia karibu na mto Nzoia, na mtu wa huko akiona mto kwenye ramani, ameona maji. Aulize nini tena? Kwa hiyo walibeba maji ya kuwafikisha mtoni tu, ili mabegi yawe mepesi. Akajipongeza kwa akili hiyo njia nzima.

Walifika mtoni alasiri ya siku ya pili, chupa zimekauka. Kulikuwa na kingo, kulikuwa na migunga, na katikati mchanga mtupu mpaka macho yanapoishia.

"Mto si ndio huu," Levi alisema. "Sasa maji ndiyo haiko."

Nanyama hakucheka. Preeti alikuwa ameketi chini ya mgunga, midomo imepasuka, na akiitwa haitiki ila kutikisa kichwa tu. Simu hazikuwa na mtandao. Akilini Nanyama alimwona Avtar amesimama mlangoni pa duka lake akingoja.

Ndipo wakasikia mbuzi. Walimkokota Preeti hadi kwenye kona ya mto, wakamkuta mama mmoja aitwaye Napeyok ndani ya shimo alilolichimba mchangani, limemfika kifuani. Maji yalikuwa yakijikusanya miguuni pake polepole, naye akiyachota kwa kibuyu na kuyamimina kwenye karai. Mbuzi walikuwa wamemzunguka wakisukumana, wamekuja kutoka mbali. Nanyama alimwamkia, akaeleza shida yao. Napeyok alimtazama yule msichana, akawasogeza mbuzi kwa fimbo, akampa Preeti kibuyu cha kwanza. Baadaye Levi. Kila kibuyu kilichukua muda wake kujaa, na mbuzi wakazidi kulia.

Kwao Bungoma mgeni huchinjiwa kuku, na mwenyeji akasifiwa kijiji kizima. Lakini maji? Nani aliwahi kusifiwa kwa maji? Zamu yake ilipofika, Nanyama alikunywa nusu, akawatazama mbuzi, akarudisha kibuyu.

"Maliza, mama," Napeyok alisema. "Mbuzi yangu imezoea kungoja. Wewe hujazoea."

Nanyama akamaliza, akalia waziwazi bila haya. Alishukuru kwa Kiswahili, kwa Kibukusu cha kwao na kwa mikono, na Preeti alipoulizia chakula, alimshukuru Mungu pia.

Leo safari zake zinajulikana kutoka Kitale hadi Moi's Bridge, na hapangi hata moja kabla ya kumtumia Napeyok salamu. Kila mteja hubeba maji yake yote kutoka barabarani. Wakifika mtoni huweka mabegi chini, wakakunja suruali, wakachimba. Wapo wanaonung'unika kwamba hawakuja jangwani kufanya kibarua. Nanyama huwakabidhi kibuyu tu, na mbuzi wa Napeyok hunywa mpaka wa mwisho atosheke, ndipo Nanyama afungue chupa yake.