Boga la Pili

Nilimwibia mama mkwe wangu boga misimu mitatu mfululizo, na kila msimu nililiiba kwenye shamba lake mwenyewe. Nasema niliiba kwa sababu sina neno jingine, ingawa wakati ule nilikuwa nikijiambia kwamba naokoa mbegu.

Mimi ni mtu wa Nanganga, kule chini upande wa Masasi. Nilioa kijiji cha Mnyambe, huku juu Newala, nikahamia ukweni kama desturi ya huku inavyotaka. Nikapewa pa kujenga, hatua chache kutoka kwa mama mkwe, na kipande cha kulima katikati ya mikorosho yake. Ardhi yenyewe ni mchanga mtupu. Mvua inyeshe leo, keshokutwa ukitia kidole hupati unyevu. Kwetu bondeni boga linaweza kujichelewesha litakavyo. Huku mvua ikishakata, boga ambalo halijakomaa linabaki vilevile, dogo na la majimaji, na inzi wanalimaliza.

Mbegu ya maboga ya mama mkwe aliiacha marehemu mama yake. Ni boga la kijivu lenye mabondemabonde, nyama yake kavu, ukila vipande viwili umeshiba. Sijasikia mtu akilisema vibaya. Ila lilikuwa linachelewa, na kila mwaka lilizidi kuchelewa. Msimu mmoja tulivuna mabovu kwa mabovu, na mbegu tulizookoa hazikujaza konzi. Mke wangu alizifunga kwenye kitambaa, akasema msimu mwingine kama huu na mbegu ya bibi yake imekwisha. Alisema huku akifagia uwanja, bila kunitazama, nikajua limemuuma.

Baada ya hapo alipita bwana shamba kuzungumza habari za salfa ya mikorosho. Nikamweleza shida yangu. Akaniuliza mbegu tunazitoa kwenye boga lipi, nikamjibu kwamba ni yale ya mwisho, yanayobaki shambani watu wakishachoka kula maboga. Akacheka sana. Akasema basi kila mwaka tunawala wenye haraka na kuwapanda wavivu. Ushauri wake ulikuwa mfupi: boga linalowahi kuliko yote lisiguswe, liachwe mpaka kikonyo kikauke na ukucha usipenye ganda, na hilo ndilo litoe mbegu.

Kwake ilikuwa rahisi kusema. Huku boga linalowahi kuliko yote lina mwenyewe. Hilo ni limbuko, na limbuko ni la mama mkwe. Hata watoto wangu hawaonji boga kabla bibi yao hajaonja. Linapelekwa zima, yeye analipika kwa karanga, na mbegu anazikaanga kwa chumvi, anatafuna akiwa kibarazani.

Utaniuliza kwa nini sikumwomba anirudishie mbegu. Anayeuliza hivyo hajaoa huku. Mimi na mama mkwe hatukai pamoja wala hatuzungumzi. Tukikutana njiani ninapisha pembeni, ninachuchumaa, ninasema shikamoo nikitazama mchanga, naye anaitikia marahaba akiwa ameshanipita. Neno lingine lolote linapitia kwa mke wangu. Sasa umpe mkwe zawadi, kisha utume mtu kudai kilichomo tumboni mwake? Afadhali ningefunga mizigo nirudi kwetu kwa miguu. Na kusema kweli, mbali na adabu, nilikuwa na kiburi. Ninayelima ni mimi, nikaona mambo ya mbegu nitayamaliza mwenyewe.

Msimu uliofuata, boga la kwanza lilifunga kwenye shina la pembeni kabisa, chini ya mkorosho uliovunjika tawi. Nikalifunika kwa nyasi kavu. La pili lilipokomaa, kama siku kumi baadaye, nikampa mke wangu apeleke kwa mama yake. Nikamwambia ndilo limbuko. Miaka hii Ramadhani inaangukia wakati wa mvua, kwa hiyo mama mkwe alilifuturu jioni ileile, akatuma shukrani na dua ndefu. Niliipokea ile dua na tonge mkononi, nikalirudisha sahanini. Nilikuwa nimemdanganya mke, nimemdhulumu mkwe, na wote watatu tumefunga.

Lakini sikuacha. Watu walipomaliza mambo ya maboga nikalichukua lile langu, nikaliweka mwezi mzima ndani, kisha nikalipasua. Mbegu zilikuwa nene, nyeupe, zimejaa. Nikaziosha, nikazianika kivulini kwenye ungo, nikazichanganya na majivu na kuzitia kwenye kibuyu juu ya meko. Msimu wa pili nikafanya hivyo hivyo. Msimu wa tatu nikaongeza ufundi: asubuhi mapema ninapaka ua jike unga wa ua dume, kisha ninalifunga kwa uzi wa gunia, nyuki wasije wakaleta mambo ya maboga ya jirani. Wapita njia wakaniona nimeinama nafunga nyuzi, wakaeneza habari kwamba mkwe wa pale anaweka kago la kunasa wezi. Mwizi mwenyewe nilikuwa mimi.

Kuna mambo mawili niliyaona misimu ile nisiyatilie maanani. La kwanza ni majani. Mama mkwe hupita shambani kila siku kuchuma ncha changa za maboga kwa mboga, na mashina yote huwa yamekatwakatwa, lakini shina lenye boga langu halikuguswa hata mara moja. Nilidhani ni kwa sababu liko mbali. La pili ni mchwa. Nyasi kavu shambani kwetu hazimalizi wiki, mchwa wanakuwa wamezila, lakini zangu kila nikienda nilizikuta zimejaa. Hilo nalo nililiita bahati.

Msimu wa tatu mvua ilikata mapema. Majirani wakavuna majani tu. Sisi tulikuwa na maboga yaliyokomaa, na watu wakaanza kuja kuomba mbegu, wengine kutoka Tandahimba. Mama mkwe alikuwa akituma kwetu, ninamimina kutoka kwenye kibuyu, mke wangu anapeleka, naye anagawa mlangoni kwake konzi kwa konzi, akiwaambia ni mbegu ya mama yake, haijawahi kumwangusha mtu. Nilikuwa nasikia yote nyuma ya ukuta wangu, na nilikasirika. Kuinama kote kule, na hofu yote ile, halafu nisitajwe. Lakini ningesema nini? Kudai sifa yangu kulitaka kwanza nikiri wizi wangu, na katika ukoo huu mkwe mwenye kuficha limbuko hana pa kuweka uso. Nikaendelea kumimina mbegu.

Mwaka huu mama mkwe ameanza kusumbuliwa na magoti. Tangu mvua za kwanza hafiki shambani. Boga la kwanza lilikuwa limeshafunikwa pale pale pembeni, nami nangojea la pili, mke wangu aliporudi kutoka kumkanda mama yake, akasimama mbele yangu na kusema ana ujumbe na ameagizwa asipunguze neno. Aliufikisha hivi:

"Mwambie mkwe wangu la kwanza aliache la mbegu, kama alivyozoea. Mimi nitakula la pili, na mimi nimeshalizoea. Ila mwaka huu nyasi aongeze mwenyewe, miguu yangu haifiki."

Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Nikaenda shambani bila hata jembe. Mchwa walikuwa wameshamaliza nyasi, boga limekaa wazi, la kijivu, yeyote anayepita angeliona. Nikakusanya nyasi nyingine nikalifunika, na huku nafunika nikawa nalia, mtu mzima na mvi zangu.

La pili lilipokomaa sikumpa mke wangu. Nililibeba mwenyewe hadi kwa mama mkwe, nikalitua nje ya mlango wake, nikachuchumaa mbali kidogo na kusema shikamoo. Akaitikia marahaba kutoka ndani. Nikawa nainuka niondoke, kama siku zote, nikasikia sauti yake tena, na safari hii hakukuwa na mtu mwingine pale wa kuambiwa.

"Nyasi zinatosha?"

Nikamwambia, "Zinatosha, mama."