Muhtasari Ulioandikwa Jana Yake

Nilipohamishiwa Busunzu kikazi, wenyeji walinichagua katibu wa kamati ya shule kwa kosa la kuwa na digrii. Baada ya vikao viwili nilishajua kila mjumbe atasema nini. Kwa hiyo kikao cha tatu nilikiandikia muhtasari jana yake, nyumbani, nikinywa chai. Siku yenyewe ningejaza tu saa ya kufungua na saa ya kufunga. Kifungu cha sita kilisema: suala la shule shikizi limepokelewa, litajadiliwa kikao kijacho.

Suala hilo lilikuwa la mama mmoja wa ng'ambo ya mto. Bintiye alifikia umri wa kuanza darasa la kwanza, na mvua zikikolea mto ule haupitiki. Ama ifunguliwe shule shikizi, yaani darasa la wadogo kule kwao, ama mtoto akae nyumbani mwaka mwingine.

Kikao cha saa tatu tulikianza saa tano. Tulijadili vyoo mpaka vikatuchosha. Zamu ya mama ilipofika, wajumbe watano walikuwa wametoka kupokea simu na hawakurudi.

"Akidi haipo," akasema mwenyekiti. "Bwana Katibu, andika."

Sikuandika, maana kifungu cha sita kilikuwa tayari. Mama alikuwa ameketi ubavuni mwangu, na alijua kusoma.

"Kumbe nimevuka mto kuja kuomba, na jibu lilishaandikwa kwenye daftari lako?"

Nikamwambia hiyo ni rasimu tu. Miaka mitatu ya chuo kikuu, na neno nililopata ni hilo.

"Nyumba yako si ile hapo nyuma ya shule?"

"Ndiyo, mama."

"Ina vyumba vingapi?"

"Vitatu."

"Basi mwanangu atakaa kwako mpaka mkutane."

Wajumbe wakaangua kicheko. "Hilo halihitaji akidi!" akasema mwenyekiti, ameshashika ufunguo wa pikipiki.

Jumapili mtoto akaletwa, na godoro lake na kiroba cha mihogo mikavu. Mke wangu alinitazama, akalipokea godoro.

Sasa yuko darasa la tatu, na kifungu cha sita bado kinasubiri kikao kijacho. Kiangazi mama huvuka kuja kumwona. Masika humpigia kwa simu yangu, wakazungumza Kiha, lugha ya kwao, nami nikaambulia nusu. Juzi mama alimwambia likizo imefika, aje nyumbani. Mtoto akamjibu kwa Kiswahili, akauliza kama anaweza kurudi huku baada ya siku mbili.

Nikawaachia simu, nikatoka nje.