Chai kwenye Uzio wa Reli

Mama mkwe wangu hakupenda chochote cha Birmingham isipokuwa treni za mizigo. Za abiria hakuzijali. Zikipita aligeuza uso akanisimulia bei ya vitunguu. Lakini ikija ile ndefu ya makontena, au ile ya kokoto, alishusha kioo cha gari, baridi yote ikaingia, nami nikakaa hapo meno yakigongana nikingoja behewa la mwisho lipite ndipo akipandishe.

Kila Jumapili ya majira ya baridi ilikuwa hivyo. Asubuhi alikaanga bajia jikoni kwetu Sparkbrook mpaka makoti yaliyotundikwa mlangoni yakanuka mafuta, akajaza chai ya tangawizi kwenye chupa, akavaa koti langu jipya bila kuniomba, akaenda kukaa kwenye kiti cha mbele. "Twende," alisema. Mimi wiki nzima nilikuwa nikisafisha ofisi za watu, na Jumapili ndiyo siku niliyoitegemea kulala. Sikulala.

Chai yenyewe haikuwa yetu. Ilikuwa ya watu wa reli. Tulitafuta mahali ambapo mafundi wenye vizibao vya rangi ya chungwa wanatengeneza njia, naye akawapenyezea kikombe na bajia kati ya nondo za uzio, akisema kwa Kiswahili, "Kula mwanangu, umwombee wangu afike." Waingereza wale hawakuelewa neno. Baadhi walipokea na kucheka, baadhi walitufukuza. Nilikuwa naona aibu mpaka masikio yanawaka.

Huyo wake wa kuombewa alikuwa mume wangu.

Sisi ni Wasomali wa Voi. Tulikulia karibu na stesheni, na Kiswahili ndicho tulichotumia kugombana na kupendana. Mama, ndivyo ninavyomwita mkwe wangu, alikuwa akiwauzia abiria chai, na treni ya mizigo iliposimama aliwapa bure vijana waliodandia juu ya mabehewa. Nyika ya kwenda Taru ni kavu, miiba na vumbi jekundu, na watoto wanaochunga mbuzi hupotea huko. Kwa hiyo wanawe aliwafundisha jambo moja kabla hawajajua hata kutawadha: ukipotea usikae, tafuta reli. Ukiipata, kaa chini ungoje, treni itapita, na dereva hatamwacha mtoto wa mtu.

Mimi na Mama tulipata njia ya kuja Uingereza. Mume wangu alinyimwa viza, akaomba tena akanyimwa tena, akasema basi atakuja kwa miguu yake. Nilimkataza. Nilimgombeza kwenye simu mpaka kadi ikaisha, nikanunua nyingine nikaendelea kumgombeza. Hakusikia. Mara ya mwisho alipiga kutoka mji mmoja wa Sudan, Januari, akasema hakujua kwamba jangwa nalo lina baridi ya kumtetemesha mtu, na kwamba ameona treni ya mizigo ikikata mchanga mtupu, ndefu kuliko zote za Voi. "Mwambie Mama huku pia kuna reli," alisema. Nilimwambia, na siku hiyo aliimba akiwa anaosha vyombo.

Wiki chache baadaye akapiga kijana aliyesafiri naye. Lori lao lilikuwa limeharibika mbali na njia. Dereva aliwaomba wakae kwenye kivuli cha lori wasitawanyike. Mume wangu akasema yeye anajua la kufanya, reli haiwezi kuwa mbali, ataitafuta alete msaada. Akaondoka na dumu la maji. Waliobaki waliokotwa na lori jingine. Yeye walimtafuta, hawakumwona.

Nilimweleza Mama yote, pamoja na hayo ya reli, na sikumpunguzia hata neno. Alinisikiliza akiwa amesimama kwenye ngazi.

"Amesema amemwona amekufa?"

"Hapana."

"Basi," alisema, akarudi jikoni.

Tangu siku hiyo nyumba yetu haikuwa na msiba wala haikuwa na raha. Wanawake wa mtaani walikuja, na wa kwanza aliyesema "Pole, Mama" aliulizwa "Pole ya nini?" akafunguliwa mlango atoke. Hakuna aliyerudia. Na mimi je? Sikuwa na mume wa kumngoja uwanja wa ndege wala eda ya kukaa. Shehe wetu aliniambia kwamba dini ina njia kwa mwanamke kama mimi, lakini akanishauri familia ya mume ikubali kwanza. Familia ya mume ilikuwa ni Mama, na yeye alikuwa akikaanga bajia. Bangili zangu za harusi niliendelea kuzivaa. Kila nikichovya mikono kwenye ndoo kazini ziligonga, na kila zikigonga nilimchukia Mama. Nilimpenda pia. Ila kumchukia ndiko kulikokuwa rahisi.

Baridi kadhaa zilipita hivyo. Kisha ikaja Jumapili moja, tumefika kwenye daraja la Saltley, makontena yamepangwa huko chini, akakataa kushusha kioo.

"Leo sitaki hapa. Nataka mahali pasipo nyumba."

"Mama, hii ni Birmingham. Nyumba ziko everywhere."

"We endesha tu."

Nikaendesha. Tukapita Erdington, maduka yamefungwa, tukazidi kwenda mpaka nyumba zikaisha mashamba yakaanza. Umande ulikuwa umeganda mweupe kila upande. Hakukuwa na mti wenye jani, wala mnyama, wala mtu. Mama aliangalia nje muda mrefu. Nadhani miaka yote ile alikuwa amelichora lile jangwa akilini kwa sura ya Voi: mti wa kivuli hapa, mchunga mbuzi pale, honi ya treni kwa mbali. Sasa alikuwa akitazama mahali ambapo mtu anaweza kutembea kutwa asikute kitu.

"Simama," alisema barabara ilipokaribia reli.

"Siwezi kupark hapa. Ni no stopping."

"Si uweke zile taa za kuwaka na kuzima. Utakuwa wa kwanza?"

Upande wa pili wa uzio palikuwa na fundi mmoja na koleo lake. Akatupungia mkono tusisogee, na treni ikaja, makontena juu ya makontena, ardhi ikitetemeka chini ya viatu vyetu, kelele ikifuta kila kitu. Mama alisimama na kikombe mkononi, chai ikimwagikia vidole. Ilipopita, yule mtu akasogea, Mama akampenyezea kikombe.

"Kula mwanangu, umwombee wangu afike."

Mtu yule alishusha kitambaa kilichofunika mdomo wake. "Aksanti sana, mama," alisema. "Mutoto yenu iko wapi?"

Mkongomani. Mama aliduwaa. Miaka yote maneno yale aliwaambia watu wasioyaelewa, na ghafla ameulizwa swali.

"Alikuwa njiani anakuja," alisema. "Jangwani. Gari likafa, akaenda kutafuta reli."

"Ni kitambo?"

Mama akanitazama, kana kwamba ni mimi niliyeulizwa. Sikumsaidia.

"Kitambo," alisema. "Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilimwambia ukipotea tafuta reli. Wenziwe walikaa, wakapona."

Yule mwanamume akavua kofia yake ngumu. Hakumwambia si kosa lake, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

"Pole, mama," alisema. "Pole sana."

Nilishika mlango wa gari nikingoja ile "Pole ya nini?" yake.

"Nishapoa, mwanangu," Mama akajibu.

Alijibu kwa sauti ndogo, kama anavyojibu mfiwa yeyote. Mkongomani alikula bajia amesimama, hakuacha hata moja, akarudisha kikombe. Mama akakifuta kwa ncha ya mtandio, tukaondoka.

Nilipokuwa natafuta ufunguo mlangoni kwetu, aliushika mkono wangu akaanza kuzivuta bangili. Hazikutoka, mikono yangu ilikuwa imevimba kwa kazi na baridi. Tulipoingia alinipeleka moja kwa moja jikoni, akanipaka sabuni ya vyombo, akanisugua taratibu na kuzitoa moja baada ya nyingine, akaziweka juu ya meza kando ya unga wa bajia.

"Kesho usiende kazini," alisema. "Twende kwa shehe, ukae eda ya mume wako."

Nilikuwa nimelitaka neno hilo kwa hasira miaka yote. Nilipolipata, nilikaa sakafuni nikalia kwa sauti. Alikaa chini karibu yangu, na koti langu bado amelivaa.

"Pole, mwanangu," akaniambia.