Jicho la Kondoa na Shamba la Loisi

Loisi alizaliwa Mvumi, akabatizwa na kujifunza kusoma huko huko, na alipoolewa na Yotham akahamia upande wa Bahi, kwenye kijiji kilichokuwa karibu sana na njia ya reli. Waliomfahamu wanasema hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na miguu mirefu, alitumia mkono wa kushoto, na alichokianza alikimaliza, hata kama wenzake walikuwa wamekwisha kurudi nyumbani.

Vita vya Wajerumani na Waingereza vilipoingia mwaka wa pili, askari wa Wajerumani walimchukua Yotham awe mpagazi. Walirudi baadaye wakachukua mbuzi, kisha ng'ombe wawili waliokuwa wamebaki zizini. Loisi akabaki ndani ya tembe yao ya udongo na mama mkwe wake, ambaye magoti yalimsumbua, na binti yake mdogo aliyekuwa bado anaota meno. Walichobaki nacho cha kuwalisha kilikuwa shamba la uwele lililonyooka kando ya reli. Mwaka huo, mwaka ambao Waingereza waliiteka Kondoa, mvua ilinyesha vizuri. Masuke yalikuwa marefu kama mkono wa mtu mzima. Kazi iliyobaki ilikuwa kuwazuia ndege.

Kweleakwelea hawali kama ndege wengine. Wanashuka kwa pamoja kama kivuli cha wingu, na wakiondoka, bua linabaki limesimama na suke tupu juu yake. Kwa hiyo kila mwenye shamba alijenga ulingo wa miti katikati, akakaa juu yake na kombeo na vidonge vya udongo tangu alfajiri hadi jua linapozama. Loisi aliongeza jambo lake. Yotham aliwahi kufanya kibarua kituoni na kuleta nyumbani madebe matupu ya mafuta ya taa. Loisi aliyakata vipande, akavitundika kwenye kamba za magome ya mbuyu kila upande wa shamba. Jua likivipiga, vilimetameta, na ndege wakapita mbali.

Mlipuko ulitokea mchana, punje zikiwa zimeanza kukaza. Loisi alikuwa juu ya ulingo. Aliona kwanza ndege wote wakiruka, kisha ardhi ikampiga nyayo kupitia miti ya ulingo, ndipo sauti ikafika. Upande wa kituoni moshi ulisimama wima. Nyumbani udongo ulimwagika kutoka kwenye dari ya tembe, na mama mkwe akatoka nje kwa kutambaa, mtoto akiwa kwapani, wote wawili weupe kwa vumbi.

Behewa la baruti lililokuwa limeegeshwa kwenye njia ya pembeni halikuwapo tena. Mahali pake palikuwa na shimo. Walikufa askari, walikufa wapagazi, ingawa Yotham hakuwamo, na paa la ghala lilionekana kichakani. Mpagazi mmoja aliyenusurika alisema walinzi walikuwa wakichoma mahindi ubavuni mwa lile behewa. Aliulizwa mara moja, akachekwa, hakuulizwa tena. Watu waliona waliokufa ni wengi mno kwa kosa la mahindi ya kuchoma.

Jioni hiyo Gideoni, binamu yake Yotham na jirani wa shamba, alikuja kumwamkia mama mkwe, lakini maneno yake yalikuwa ya Loisi.

"Shemeji, unajua kilicholipua lile behewa?"

"Moto."

"Moto wa mahindi? Basi walikufundisha bure kule Mvumi. Waingereza wana jicho."

"Kila mtu ana jicho, shemeji. Wewe una mawili na bado unapita katikati ya shamba langu."

"Hili ni la kioo. Kubwa kama zizi! Wamelipandisha juu ya vilima vya Kondoa. Linatafuta kinachong'aa, na likikiona linatupa moto."

"Kutoka Kondoa mpaka hapa?"

"Jua liko mbali kuliko Kondoa, na linakuchoma hapo ulipo."

Loisi alikereka, akaingia ndani kupika.

Haikuchukua muda watu wakaanza kuulizana: kando ya reli kuna nini kinachong'aa? Hawakuhitaji kutafuta mbali. Akida Mrisho, aliyewekwa na serikali kuangalia vijiji vile, akatoa amri kwamba kila king'aacho kiondolewe. Wanawake wazee ambao bangili zao za shaba zilikuwa hazijawahi kutoka mikononi tangu usichana wakazipaka masizi. Mama mkwe alipaka za kwake huku akinung'unika, "Na upara wa Akida nao upakwe." Askari wakaja shambani, wakang'oa madebe ya Loisi yote, wakaenda kuyafukia.

Kesho yake ndege wakashuka. Loisi alirusha vidonge mpaka bega likawaka moto. Alipowafukuza upande wa reli walitua upande wa korongo. Kufikia jioni kona nzima ya shamba ilikuwa imebaki mabua. Alivunja suke moja, akalisugua kiganjani, akapuliza. Hakikubaki kitu. Alijua kuwa siku chache za namna hiyo zikipita, vilindo vyao vya magome vya kuwekea nafaka vitabaki vitupu, na mwaka ule hapakuwa na mbuzi wa kuuza.

Akaenda kwa Akida. Alimkuta barazani, kofia imevutwa mpaka kwenye nyusi ingawa joto lilikuwa kali na jasho lilimtiririka.

"Shikamoo, Akida."

"Marahaba. Kama ni habari ya madebe, rudi nyumbani."

"Ni habari ya ndege."

"Ndege si kazi yangu, binti."

"Lakini njaa itakuwa kazi yako. Utakapotumwa kukusanya uwele wa askari, kwangu utakusanya nini?"

Mrisho aliinua kofia akajikuna upara, kisha akairudisha haraka. "Unajua naweza kukutia minyororo?"

"Najua. Na hapo mama mkwe wangu na mtoto wataletwa hapa barazani uwalishe."

"Lo! Mwanamke huyu. Bwana mkubwa wa Kijerumani amekataza kinachong'aa. Mimi nifanye nini?"

"Amekataza kinacholia?"

Akida alifikiri. Alitazama upande wa Kondoa, kana kwamba jibu lingetoka huko. "Hakusema."

"Basi nitatumia kinacholia."

"Sijasema ndiyo!"

"Wala hujasema hapana, Akida. Asante."

Mama mkwe alitoa vibuyu vyake vya maziwa bila kuombwa. Ng'ombe walikuwa wamekwenda. Vibuyu vilikuwa vimebaki vikining'inia ukutani na harufu ya maziwa. Walitia kokoto ndani, wakaziba midomo kwa matambara, na Loisi akavifunga kwenye kamba zilezile. Ncha zote akazileta ulingoni. Akivuta, shamba zima lilipiga kelele kama watu wanaogombana. Ndege waliinuka, wakazunguka, wakaenda kwa wengine.

Walikwenda kwa Gideoni. Yeye aliogopa hata kurusha kombeo, asije akaonekana na lile jicho, akamkataza mkewe Dorkasi kukaa ulingoni. Siku ya pili alikuja amenuna.

"Shemeji, vibuyu hivyo vinaita."

"Vinaita nani?"

"Jicho lina ndugu yake. Sikio. Limechimbiwa chini, linasikia kupitia reli. Vikilia hapa, wao wanajua garimoshi liko wapi."

"Juzi ulisema linaona. Leo linasikia. Kesho litaanza kunusa, ukaoge."

Hakucheka. "Garimoshi la askari linapita leo. Tukilipuka, damu yetu iko juu yako."

Alirudi baada ya muda na wanaume watatu, mapanga mikononi. Loisi aliwaona tangu walipokatiza korongo. Hakushuka. Aliweka kidonge kwenye kombeo, akasimama wima.

"Gideoni! Atakayegusa kamba ajue kuwa mimi nalenga ndege. Na wewe ni mkubwa kuliko ndege."

"Utatuua na watoto wetu hapa!" mmoja alipiga kelele.

"Watoto wenu watakula nini?"

Walikuwa bado wanatazamana, nani aanze, ndipo mlio wa garimoshi ukasikika kutoka upande wa Dodoma. Wanaume wale walilala kifudifudi hapo hapo kati ya mabua, mikono kichwani. Wakati huo huo kundi la ndege lilikuwa linashuka upande wa reli.

Loisi naye aliogopa. Hakujua kilichokuwa Kondoa; hakuwahi kufika Kondoa. Angeweza kuacha garimoshi lipite ndipo avute, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini ndege walikuwa wamekwisha kugusa masuke. Akashika ncha zote kwa mkono wa kushoto, akavuta kwa nguvu, akavuta tena, na vibuyu vikapiga kelele mpaka kelele yake ikachanganyika na magurudumu. Mabehewa yalipita moja baada ya jingine. Askari waliokaa juu ya mizigo walimshangaa mwanamke aliyesimama juu ya miti akitikisa shamba. Mmoja alimpungia mkono. Garimoshi likaenda zake Bahi, na moshi wake ukatawanyika.

Gideoni aliinuka akijipangusa kifua. "Leo Waingereza hawakuwa tayari," alisema.

"Basi kesho uje tena uwaangalie," Loisi alimjibu, na akaendelea kuvuta.

Hawakugusa kamba. Loisi alivuna shamba lote, isipokuwa ile kona, akapura na kujaza vilindo. Viwili alivifukia chini ya zizi tupu kabla Akida hajaja kukusanya.

Wajerumani walipoondoka, Yotham akiwa bado hajarudi, Waingereza wakafika kwa njia ya Kondoa, nao wakachukua ng'ombe wa watu, kisha mvua zikakataa na njaa kubwa ikaingia. Gideoni aliwauliza askari wao kuhusu jicho la kioo. Walimcheka, akarudi akisema bila shaka wameapishwa wasiseme. Mpaka uzee wake hakuiacha habari hiyo, na wapo waliomwamini.

Katikati ya njaa ile Dorkasi alikuja, mashavu yamebonyea, ungo mtupu mkononi. Alisimama mlangoni bila kubisha hodi, akitazama chini.

"Dada," alisema, "mume wangu hajui kuwa nimekuja."

Loisi alimpimia uwele wa kula. Kisha akafunga kwenye kitambaa konzi chache za mbegu, akaziweka juu.

"Hizi usisage. Mvua ikija panda. Na ukishapanda, ulingoni utakaa mwenyewe, hata Gideoni aseme nini."

Dorkasi alitikisa kichwa kukubali. Loisi alimwangalia akienda polepole kuvuka shamba kavu, kisha akarudi ndani kumsagia mama mkwe unga wa uji.