Mwiba wa Buibui Dume

Mtaani walimwita Bwana Utando, naye hakukasirika, maana jina la utani ukilikataa ndipo linapopata miguu. Zamani alikuwa mchora mabango ya vinyozi. Vichwa alivyochora vilipendeza kuliko vilivyotoka mle ndani vimenyolewa. Siku moja mtaalamu wa buibui wa jumba la makumbusho, mama mmoja wa miwani mizito, alimpeleka mwanawe kunyolewa, akasimama nje akilikodolea macho bango hadi mtoto akatoka na kipara. Akauliza aliyelichora ni nani. Mkono usiotetemeka, alisema, haupatikani kwa vyeti. Tangu hapo Bwana Utando akawa mtu wa makumbusho, ana meza yake, taa yake na hadubini yake.

Sasa kazi yenyewe. Kuna wale buibui wenye mwili kama punje ya mchele na miguu mirefu isiyo na sababu, wanaoning'inia kichwa chini kwenye pembe za choo na stoo. Ukiwagusa wanatikisika kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Wewe na mimi hapo tunaona buibui, basi. Mtaalamu anaona jenasi nzima, ukoo wenye spishi chungu nzima: wa mlima huu si wa mlima ule, wa pangoni si wa chini ya majani, na kila mwaka wanaongezeka kwa kuwa watu wanazidi kuwatambua. Ukitaka kuwatofautisha usihangaike na miguu wala rangi. Dume ana vijimkono viwili karibu na mdomo, ndivyo anavyotumia kwa shughuli za ndoa, na kila spishi ina vyake. Huyu ana ndoano, yule ana kijiko, mwingine ana mwiba. Vijimkono hivyo ndivyo alivyochora Bwana Utando mwaka nenda mwaka rudi, akivikuza hadi vikawa na ukubwa wa sahani. Tusizunguke mbuyu: alikuwa anachora uchi wa buibui.

Mkewe alilijua hilo na alikwisha kulizoea. Majirani waliambiwa anachora wadudu. Lakini sasa binti yao wa pekee alikuwa amepata mchumba, tena anampenda hata akitajwa tu anakosea kufunga vifungo, na wazazi wa kijana walikuwa wanakuja Jumamosi kujitambulisha. Habari za mama wa kijana zilitangulia. Ilisemekana aliwahi kuvunja uchumba wa mwanawe mkubwa kwa sababu baba wa msichana alipiga miayo wakati wa salamu.

"Wakikuuliza kazi yako," mkewe alimwambia, "wewe unachora maua."

"Mimi nichore maua?"

"Jumamosi tu. Mtoto akishaolewa utarudi kwa madudu yako."

Bahati mbaya, mtaalamu alikuwa ameitaka michoro ifikapo Jumatatu, kwa hiyo kazi ililetwa nyumbani. Wageni walipobisha hodi, michoro bado ilikuwa juu ya kabati la vyombo ikikauka wino, na mwenyewe amesahau kabisa.

Baba wa kijana alikuwa fundi wa mageti, mtu wa maneno machache na mikono yenye makovu ya kuchomelea. Mkewe alikaa wima na mkoba mapajani. Wakala, wakashiba. Kila sahani iliyosifiwa, mama mwenye nyumba alisema imepikwa na binti, ambaye wakati huo alikuwa jikoni anaosha vyombo. Kisha fundi akainuka kwenda kunawa, na njiani akasimama mbele ya kabati.

"Hivi ni nini?"

"Maua," akajibu mke wa Bwana Utando kabla swali halijatua.

"Maua ya wapi?"

"Ya milimani huko."

Fundi akavaa miwani na kumwita mkewe. Mama akaja, akatazama, akasema yamechorwa kwa adabu. Bwana Utando alikuwa anatazama viatu vyake.

"Geti la hawa watoto limenisumbua," fundi alisema. "Nilitaka pambo ambalo halipo kwa mtu mwingine. Hili nalipinda kwa nondo, moja kushoto, moja kulia, yatazamane. Mkwe, unaniruhusu?"

"Anaruhusu," mke wa Bwana Utando akasema.

Akilini Bwana Utando alimwona mwanawe akilifungua geti hilo kila asubuhi, mbele ya majirani na watoto wa shule. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Lakini alinyamaza, na angeweza kunyamaza hivyo hadi harusini, kama fundi asingeongeza neno.

"Ila huu mwiba wa pembeni nitauondoa," fundi alisema, akiufunika kwa kidole gumba. "Utachana nguo za watu."

"Usiuondoe."

Sauti ya Bwana Utando ilitoka kabla mwenyewe hajaipa ruhusa.

"Ni kamwiba tu, mkwe."

"Ukiuondoa anakuwa mwingine. Anakuwa yule wa bonde la pili. Bila mwiba huyu si yeye."

"Si yeye nani?" akauliza mama wa kijana.

Mkewe alimfinya mgongoni, lakini maji yalikwisha kumwagika. Bwana Utando alieleza yote, kuanzia ndoano, kijiko, hadi shughuli yenyewe, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyosahau kuona aibu. Jikoni vyombo vikaacha kugongana.

Mama wa kijana akautia mkoba kwapani. "Buibui hajanikera, buibui ameumbwa. Yamenikera hayo maua. Tumekuja kuomba mtoto, tunapokewa kwa uongo. Baba watoto, twende."

Fundi hata hakugeuka. "Ngoja kwanza. Mkwe, huu mwiba unafanya kazi gani hasa?"

Katika miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. "Kusema kweli, hatujui," alijibu. "Tunajua tu kwamba wa jirani hana."

Mama wa kijana akarudi kukaa. "Basi nitakuuliza wewe, si mkeo. Huyu binti anajua kupika?"

Bwana Utando akamtazama mkewe, mkewe akatazama dari. Alijua jibu moja tu lingetosha kumvunjia mwanawe ndoa, na moyo ulimwuma kweli.

"Hajui," alisema. "Amepika mama yake. Yeye alikata vitunguu, na ukubwa wake mmeuona."

Mama wa kijana alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka mkoba ukaanguka. "Na mimi niseme. Tuliwaambia mwanetu ni meneja wa stoo. Anashika funguo za stoo. Meneja ni mtu mwingine."

"Mama watoto," fundi akalalamika.

"Wenzetu wameshavua, sisi tubaki na koti?"

Mlango wa jikoni ukafunguka. Binti akasimama pale, mikono imejaa povu, akasema kwamba habari ya funguo anaijua tangu mwaka jana, na kwamba mwenye funguo anakula vile vitunguu vyake kila wiki. Wazee wanne walikuwa wamedanganyana ili kuficha mambo ambayo watoto walikwisha kuyajua na kuvumiliana zamani.